Habari za Shule ya Jeanes, Kabete, na Masomo ya Watu Walio Kazini

Halmashauri ya chama imeniagiza niandike katika taarifa ya mwaka huu maneno machache juu ya azimio litakaloletwa mbele ya Mkutano Mkuu, yaani kwamba mfuko wetu wa elimu, ambao tangu chama kilipoanza umelipia karo za watoto tu, usaidie pia wanachama wenyewe walio kazini na wanaotakiwa kujifunza upya. Wako wazee wetu waliosema kikaoni kwamba jambo hili ni geni, na kwamba mtu mwenye mshahara na mvi hafai kurudi darasani kwa fedha za wote. Sikusudii kushindana nao. Nataka kuonyesha tu ya kuwa jambo lenyewe si geni katika nchi hii. Lina umri wa takriban miaka mia moja, na mahali lilipoanzia ni hapo Kabete, maili chache kutoka Nairobi. Tena mabishano yaliyolizunguka tangu mwanzo hayakuwa juu ya umri wa mwanafunzi. Yalikuwa juu ya nani achague somo, na nani alipe.

Asili ya habari hizi iko mbali, nayo ni ya wanawake wawili. Wa kwanza ni Anna T. Jeanes wa Philadelphia, Marekani, wa madhehebu ya Marafiki, ambayo wenzetu wa Kaimosi wanayajua tangu mwaka 1902. Hakuolewa, akarithi mali ya jamaa zake, na mwaka 1907, ndio mwaka aliofariki, alitoa dola milioni moja ziwe akiba ya kusaidia shule ndogo za mashambani za watu weusi wa Kusini ya nchi ile. Wa pili ni Virginia Randolph, binti wa wazazi waliowahi kuwa watumwa, mwalimu wa shule ndogo katika wilaya ya Henrico, jimbo la Virginia. Mwalimu huyu alifagia uwanja wa shule yake mwenyewe, akapanda miti, akawafundisha watoto kushona na kufuma pamoja na kusoma, akawaita wazazi waje kuona. Mkaguzi wa shule za wilaya alipoiona kazi ile aliwaza jambo moja la busara: badala ya kumsifu tu, afadhali alipwe awazungukie walimu wengine na kuwaonyesha. Fedha za Mama Jeanes zikatumika hivyo, na mwaka 1908 Virginia Randolph akawa mwalimu wa kwanza wa aina ile, mwenye kuwafundisha walimu walio kazini tayari, kila mmoja shuleni kwake, bila kumfukuza yeyote kwa kuwa hajasoma sana.

Hilo la mwisho naomba tulishike, kwa maana ndilo lililosafiri mpaka Afrika. Mwaka 1924 ilikuja Afrika ya Mashariki tume ya Phelps-Stokes, ya Marekani, kuchunguza elimu ya Waafrika. Mwenyekiti wake alikuwa Thomas Jesse Jones, na mmoja wa wajumbe alikuwa Mwafrika, Dakta James Aggrey wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Tume iliona waliyoyajua watu wote hapa: misheni zilikuwa zimefungua shule nyingi sana vijijini, na aghalabu mwalimu wa shule hizo alikuwa kijana aliyejua kusoma kidogo kuliko wanafunzi wake, mwenye ubao mmoja, asiyetembelewa na mtu mwaka mzima. Kuwaondoa wote na kuleta wengine hakukuwezekana, maana hao wengine hawakuwapo. Ikabaki njia moja tu, ya kuwasaidia walewale waliokuwapo.

Basi mwaka 1925 Shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete, kwa msaada wa fedha za Shirika la Carnegie la New York na kwa ushirikiano wa Serikali na misheni. Mkuu wake wa kwanza alikuwa James Dougall, Mskoti aliyekuwa karani wa tume ile. Wanafunzi hawakuwa watoto. Walikuwa walimu wenye miaka kadhaa ya kazi, waliochaguliwa na misheni zao, nao walikuja na wake zao na watoto wao. Kila jamaa ilipewa nyumba ndogo na kiunga cha kulima, na nyumba hizo pamoja zikawa kama kijiji. Mume alijifunza jinsi ya kufundisha, kilimo, useremala na usafi. Mke alijifunza malezi ya watoto wachanga, mapishi na ushonaji. Palikuwa na shule ya watoto mle mle ndani, ambamo walimu hao walijaribu waliyofundishwa siku ileile, huku wenzao wakitazama. Baada ya masomo hayo mwalimu alirudi kwao, si kufundisha darasa moja tena, bali kuzungukia shule za vijiji.

Yafaa tuifikirie hali ya mwalimu huyo mzungukaji, kwa kuwa ndiye babu wa kila mtu anayepelekwa leo katika mafunzo na kurudi ofisini kwake na cheti mkononi. Alifika katika shule ya kijiji, akamkuta mwalimu wa pale ambaye pengine alimzidi umri, na kanisani walikuwa sawa. Alitakiwa amsahihishe bila kumvunjia heshima mbele ya watoto. Njia aliyofundishwa ilikuwa kushika chaki mwenyewe, kufundisha somo moja mwenyeji akitazama, kisha kumwachia chaki na kukaa nyuma. Alitakiwa pia aseme na wazee wa kijiji juu ya choo cha shule na bustani ya shule, wazee ambao waliona wamempeleka mtoto kusoma kitabu, hawakumpeleka kulima, kwa sababu kulima angefundishwa nyumbani bila karo. Na juu yake alikuwapo mmisionari wa Kizungu, ambaye ndiye aliyemtuma na ndiye aliyeweza kumrudisha. Mtu aliyeweza kupita katikati ya watatu hao kwa miaka mingi bila kugombana na yeyote alikuwa na elimu ambayo haikuandikwa katika mtaala wa Kabete.

Katika mpango ule yalikuwamo mambo mawili mema ambayo baadaye yalisahauliwa. La kwanza, mwalimu hakuambiwa achague kati ya kazi na masomo. Alitoka kazini, akarudi kazini. La pili, hakutengwa na jamaa yake. Waliouweka mpango walielewa kwamba mtu mzima akifundishwa peke yake hurudi katika nyumba isiyojua alichojifunza, na nyumba humshinda. Sisi tuliomwona mwenzetu akienda masomo ya miezi mingi mbali na mke na watoto, au mama akiacha watoto kwa jirani, tunajua gharama ya jambo hilo.

Lakini si haki kuusifu tu mpango ule, maana Waafrika wenyewe wa wakati ule hawakuusifu tu. Tume ya Phelps-Stokes ilifundisha kwamba elimu ya Mwafrika ifuate maisha ya kijiji: udongo, afya, kazi za mikono, nyumba safi. Hayo ni mema. Ila walioyasikia waliuliza mbona mtoto wa Mzungu, ambaye baba yake naye alikuwa mkulima, alifundishwa Kiingereza, hesabu na historia. Waliona katika maneno mazuri juu ya kijiji nia ya kumweka Mwafrika kijijini. Mwaka 1926, mwaka mmoja tu baada ya Shule ya Jeanes, ilifunguliwa Alliance High School hapo Kikuyu, si mbali na Kabete, na kila mzazi alijua ni shule ipi kati ya hizo mbili aliyotaka mwanawe aende. Baada ya ugomvi wa mwaka 1929 kati ya misheni na Wakikuyu juu ya tohara ya wasichana, shule za kujitegemea zilienea, nazo zilijengwa kwa michango ya wazazi wenyewe, na moja ya mambo waliyoyataka sana ndani yake ni Kiingereza. Shule hizo zilipohitaji walimu, zilifungua chuo chao wenyewe huko Githunguri mwaka 1939, chini ya Peter Mbiyu Koinange. Kuna jambo la ajabu hapa: Mbiyu naye alikuwa amesoma Hampton, Virginia, katika chuo ambacho mawazo ya tume ile yalitoka, kisha akaendelea mpaka Chuo Kikuu cha Columbia. Alichota maji katika kisima kilekile, lakini aliyanywesha watu wake kwa kadiri walivyotaka wenyewe. Githunguri ilifungwa na Serikali mwaka 1952, wakati wa Hali ya Hatari.

Kwa maoni yangu pande zote mbili zilikuwa na haki. Wa Kabete walikuwa na haki kusema kwamba mwalimu aliye kazini asiachwe. Wa Githunguri walikuwa na haki kusema kwamba mafunzo yasiyompandisha mtu ni kamba ndefu tu ya kumfungia palepale. Mwalimu wa Jeanes, hata akiwa hodari namna gani, alikuwa na ukuta mbele yake: vyeo vya juu katika elimu vilikuwa vya Wazungu, na hakuna kozi iliyouvunja ukuta huo.

Vita Kuu ya Pili vilikatiza kazi ya kwanza ya shule. Vilipokwisha, walirudi askari waliokuwa wamefika Burma, Uhabeshi na Misri, watu walioendesha magari, waliopokea simu za upepo, walioandika hesabu za ghala. Mahali pale pakaanza kazi ya pili, ya kozi za watu wazima wa kila namna: machifu, wenye maduka, watumishi wa maendeleo ya jamii, makarani wa mabaraza. Wengine walikaa wiki chache tu. Mwenye duka hakuweza kufunga mlango wake miaka miwili, basi masomo yalifupishwa yakamfuata yeye. Alijifunza kuandika daftari la mauzo, na kutenga fedha ya duka na fedha ya nyumbani. Katika miaka hiyohiyo, mwaka 1952, ilianza Maendeleo ya Wanawake, na viongozi wa vyama vyake walifundishwa hapo Kabete. Serikali ilivitumia vyama hivyo pia kwa siasa yake wakati wa Hali ya Hatari, hilo halifichiki. Hata hivyo wanawake walioingia kwa sababu ya cherehani walijifunza humo kuendesha mkutano, kushika hesabu na kusimama kusema mbele ya watu, na mambo hayo hayakurudishwa Kabete kozi ilipokwisha.

Mwanafunzi mmoja wa miaka hiyo yafaa atajwe kwa jina. Tom Mboya aliondoka shule ya Mangu kwa sababu fedha za karo hazikupatikana. Mwaka 1948 aliingia masomo ya bwana afya, masomo yaliyomfikisha katika Shule ya Jeanes, akayamaliza mwaka 1950 na kuajiriwa na Halmashauri ya Jiji la Nairobi. Ameeleza mwenyewe jinsi mama mmoja wa Kizungu alivyoingia katika chumba alimokuwa akifanya kazi, akamtazama, kisha akauliza kama hakuna mtu humo ndani. Basi hivyo ndivyo cheti cha bwana afya kilivyokuwa na thamani mwaka ule kwa mwenye ngozi nyeusi. Mboya hakukitupa cheti, wala hakuridhika nacho. Alijisomea jioni kwa njia ya posta, akipeleka majibu yake Afrika ya Kusini na kungoja yarudi yamesahihishwa. Aliwakusanya wafanyakazi wenzake wa serikali za mitaa katika chama, akawa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi mwaka 1953 akiwa na umri wa miaka 23, na mwaka 1955 akaenda kusoma Ruskin College, Oxford, chuo kilichowekwa kwa ajili ya watu wazima watokao kazini. Mwaka 1959 ndege ya kwanza ya wanafunzi aliyoisimamia iliwachukua vijana 81 kwenda Marekani.

Watu humkumbuka kwa ndege hizo, yaani kwa vijana. Mimi naona jambo la pili halikuwa dogo kuliko hilo. Yeye mwenyewe hakuwa mtoto wa chuo kikuu. Kila hatua ya elimu yake baada ya Mangu aliipata akiwa mtu wa kazi, na kila mara palikuwa na mtu au chama kilichobeba sehemu ya gharama, hata ile nafasi ya Ruskin, iliyotolewa na vyama vya wafanyakazi vya Uingereza.

Mwaka 1961, Uhuru ukikaribia, nchi ilihitaji mabwana wilaya, makatibu na wahasibu Waafrika, nao hawakuwa tayari wa kutosha kwa sababu zile nilizozitaja. Palepale Kabete, katika majengo ya Shule ya Jeanes, ikawekwa Kenya Institute of Administration. Ukuta ambao mwalimu mzungukaji hakuweza kuupita ulianza kubomolewa mahali alipofundishwa yeye. Karani aliyekuwa akimwandikia bwana wilaya barua aliingia darasani, akatoka bwana wilaya. Kwa Sheria ya mwaka 2012 chuo hicho kiliunganishwa na vyuo vingine vya Serikali, vikiwamo vya Mombasa, Embu, Baringo na Matuga, kikawa Kenya School of Government. Majengo yamebadilika jina mara mbili, na kila mara ni kwa sababu kazi zenyewe zimebadilika.

Hayo yalikuwa ya watumishi wa Serikali. Kwa viwanda na makampuni historia ni nyingine, na nasikitika kwamba wanachama wengi hawaijui, kwa kuwa inawahusu mfukoni. Mwaka 1971 sheria ya mafunzo ya viwandani iliongezwa jambo jipya: waajiri wenyewe watoe tozo ya mafunzo, na mwajiri apelekaye watu wake kusoma aweze kudai kurudishiwa sehemu ya gharama. Maana yake ni rahisi. Mwajiri asiyemfundisha mtu hulipa, na anayefundisha hurudishiwa. Kwa kanuni za mwaka 2007 tozo hiyo ikawa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, ikitoka kwa mwajiri, wala si katika mshahara wa mtu. Tangu mwaka 2011 kazi hiyo imekabidhiwa mamlaka inayojulikana kwa herufi NITA. Wako wenzetu ambao wameambiwa mashine mpya imekuja na wajitafutie masomo au waondoke. Kabla ya kuuza ng'ombe, na waulize kwanza fedha ile ilikwenda wapi, na kama mwajiri amewahi kudai haki yake ili wao wafundishwe.

Nimalizie kwa walimu, ambao ndio waliotuanzia habari hii, na ambao ni wengi katika orodha yetu. Mtaala mpya wa umilisi ulipoingia shuleni mwaka 2017, mwalimu aliyezoea kazi yake kwa miaka 20 alijikuta mwanafunzi tena. Mwezi Septemba mwaka 2021 Tume ya Huduma za Walimu ilitangaza mpango wa mafunzo ya kudumu kwa walimu wote, utakaotolewa na vyuo vinne, na ada ikawa shilingi 6,000 kwa mwaka, aitoe mwalimu mwenyewe. Vyama vya walimu vilipinga. Wengine katika magazeti waliwaita walimu wavivu wasiotaka kusoma. Mtu aliyezijua habari za Kabete asingesema hivyo. Mwalimu wa mwaka 1925 aliitwa, akapewa nyumba ya kukaa na jamaa yake, na masomo yakagharamiwa na waliomwita, ila hakuulizwa anataka kujifunza nini. Mwalimu wa mwaka 2021 naye hakuulizwa, na juu ya hayo akaletewa hesabu. Manung'uniko yake hayakuwa juu ya masomo.

Azimio lililo mbele ya Mkutano Mkuu lina vifungu vitatu. Mwanachama aombaye msaada ataje mwenyewe somo analolitaka na sababu yake. Aonyeshe kwa barua kwamba amemwomba mwajiri wake kwanza, na jibu alilopewa. Na fedha zitakazotolewa zisipunguze karo ya mtoto yeyote aliyekwisha kuandikishwa. Kifungu cha pili ndicho kilichojadiliwa sana katika Halmashauri, na baadhi ya wajumbe waliona kitawaogopesha wanachama wanaowahofu mabwana wao. Wajumbe hao wamepewa nafasi ya kusema siku ya mkutano, kabla ya kura.